Kilichobaki Kikombeni

Wiki nzima mmenikalia kooni. Mmoja kanisimamisha mbele ya duka la dawa, mwingine kanifuata hadi kwa kinyozi nikiwa nimenyolewa nusu kichwa, na swali lenu wote ni moja: alikunywa au hakunywa? Haya, tulieni. Tulimwacha Mama Vitambaa amepiga magoti kwenye uzio wa madhabahu, bega kwa bega na Nesi, yule mwimbaji mpya wa kwaya. Mumewe Miwani, ndani ya kanzu nyeupe ya msaidizi wa Kasisi, alikuwa ameinama mbele ya Nesi na kikombe mkononi, akamnong'oneza: "Saa kumi. Chumba kilekile."

Mama Vitambaa alisikia. Asije mtu akaniambia labda alidhani tu. Alisikia.

Na sasa kikombe kimefika mbele yake.

"Damu ya Kristo," alisema Miwani.

Sauti ilikuwa ileile aliyomnong'onezea mwanamke mwingine sasa hivi. Mama Vitambaa akaubana mdomo.

"Kunywa," mumewe akamwambia chini kwa chini.

"Mpe hawara yako."

"Mama watoto, watu wanaangalia."

"Waangalie. Macho ni yao."

Foleni ikasimama. Mzee wa Kanisa akakohoa kule nyuma. Kwaya, iliyokuwa inaimba vizuri tu, ikapotezana njiani. Mama Vitambaa akainuka, akapangusa magoti, akarudi kwenye benchi lake kichwa juu kana kwamba ameitwa kupokea zawadi.

Jamani, katika kanisa lile unaweza kusinzia mahubiri yote na usisemwe. Unaweza kuimba vibaya mpaka watoto wakageuka kukutazama, watu wakasema ndivyo Mungu alivyokuumba. Lakini upokee mkate halafu ukatae kikombe? Thubutu! Kabla ya baraka ya mwisho wewe ndiye habari ya mtaa.

Ibada ilipokwisha, hakusimama mlangoni kupeana mikono na watu. Alipita nyuma hadi vestri, kile chumba cha kuvalia kanzu, akachukua beseni na vitambaa vya Ushirika. Hiyo ndiyo kazi yake na ndiyo iliyompa jina. Siku za wiki ni fundi cherehani, ila Jumapili vitambaa vyote vya meza ya Bwana hufuliwa na kunyooshwa na yeye. Maji ya kwanza hayamwagwi kwenye bomba la maji machafu. Humwagwa kwenye udongo safi, kando ya ukuta, kwa heshima ya kilichogusa vitambaa vile.

Akakunjua kitambaa cha kufutia kikombe. Akakigeuza. Akakigeuza tena.

"Unatafuta nini humo?" Alikuwa Mama Maua, mpambaji wa kanisa, mwanamke mwenye mdomo usiojua kufuli, na ndoo yake ya maua yaliyonyauka mkononi.

"Mdomo wa Nesi."

"Eti?"

"Tangu ahamie hapa kila Jumapili ananiachia lipstiki kwenye kitambaa. Nyekundu hiyo! Nimesugua mdomo wa yule mwanamke mpaka kucha zikaniuma. Leo tazama. Kweupe."

Mama Maua akaweka ndoo chini taratibu. Alikuwa mtu wa kufurahia msiba wa mwenzake polepole, asiumalize mara moja.

"Maana yake hakunywa," akasema.

"Hakunywa. Miwani alimruka."

"Mwenzangu, mtu anarukwa kikombe kwa lipi? Mtu mwenye dhambi nzito ndiye anayejiogopa mbele ya meza ya Bwana."

"Na mimi ndilo ninalowaza."

"Amejihukumu mwenyewe. Dhamiri imemsuta."

Ndugu zangu, mngemwonea huruma Mama Vitambaa wakati ule. Wivu ulimpanda, akahisi uchungu wake hasa, kama dawa iliyoyeyukia mdomoni kabla ya kumezwa. Yote aliyokuwa anajifanya hayaoni yakajipanga mbele yake. Vikao vya Jumapili jioni ambavyo mumewe alisema ni vya wasaidizi wa Kasisi. Kupiga mswaki mara mbili mbili. Na zile pipi za mnanaa! Tangu lini fundi wa kuchomelea vyuma, mwanaume anayeshinda na miwani nyeusi shingoni na moshi kwenye ndevu, akatafuna pipi za mnanaa?

"Na aliwahi kuniambia Nesi ana sauti ya kutuliza," akasema.

"Akakwambia wewe? Mkewe? Kwenye masikio yako?"

"Mezani, nampakulia chakula."

"Wee!" Mama Maua akashika kiuno. "Saa kumi twende wote."

Saa kumi ilipogonga walikuwa wamejibanza nyuma ya tangi la maji, wakitazama chumba cha Shule ya Jumapili. Mama Vitambaa alikuwa bado na gauni la kanisani. Mama Maua alikuwa ameshabadilisha viatu, akavaa vya kukimbilia.

Miwani akaja. Shati alilonyoosha mwenyewe, kola imesimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaingia.

"Umeona anavyoangaza macho?" alinong'ona Mama Maua. "Mwizi mtupu."

Punde Nesi naye akaja na mkoba begani. Akaingia bila kubisha hodi. Mlango ukafungwa.

Mama Vitambaa aliinuka kama springi. Mama Maua akamdaka mkono.

"Unakwenda wapi? Ukiingia peke yako watakuruka. Watasema walikuwa wanaomba. Fumanizi linataka mashahidi! Akina mama wa Umoja bado wako ukumbini wanamaliza kikao, na Kasisi yuko nao. Niwalete?"

Hapa ndipo alipoharibu. Angesema ngoja. Angesema hebu nisikilize kwanza. Lakini roho iliyochomwa haijui ngoja.

"Walete," akasema. "Walete wote waje waone."

Mama Maua alikuwa ameshaondoka kabla neno la mwisho halijatoka.

Mama Vitambaa akanyata hadi dirishani. Kipande kimoja cha kioo kilikuwa kimevunjika na kuzibwa kwa karatasi ngumu. Akaisukuma kwa kidole. Alijiandaa kwa kila kitu: mkono juu ya bega, kichwa kifuani, maneno ya asali. Alishapanga hata tusi la kuanzia.

Aliona watu wazima wamekaa kwenye viti vya watoto.

Walikaa mduara, magoti yamewafika videvuni. Mwalimu mstaafu wa hesabu alikuwepo. Mama muuza mkaa alikuwepo. Na yule, Mungu wangu, si ndiye Mzee wa Kanisa? Yule yule anayesimama mlangoni kila Jumapili kupima sketi za wasichana kwa macho, leo amebanwa kwenye kiti chekundu cha darasa la wadogo, ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

Miwani alikuwa amesimama katikati. Nesi alikuwa amekaa upande wa pili wa mduara, mbali naye.

"Leo nataka kusema yote," alisema Miwani. "Mnaijua kazi yangu pale mbele. Watu wakishapokea, kinachobaki kikombeni hakimwagwi. Kimebarikiwa. Lazima kinywewe palepale. Kasisi ana kisukari, kwa hiyo huniachia mimi nimalize."

"Tunajua, ndugu," alisema Mzee wa Kanisa.

"Hamjui. Mimi nilikuwa mlevi. Niliacha pombe mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, nikaapa, na kiapo nikakishika. Sikuonja hata tone. Nilipopewa kanzu nilisema moyoni, hii si pombe, hii ni huduma. Jumapili ya kwanza nilimeza kama wajibu. Baadaye nikaanza kuisubiri Jumapili. Siku hizi watu wakiinuka kwenda mezani, nawatazama namwomba Mungu wawe wachache. Mnanielewa? Nimesimama pale na kanzu nyeupe, nawachukia waumini kwa kunywa. Mvua ikinyesha Jumapili asubuhi, nafurahi."

Hakuna aliyecheka wala aliyeshangaa. Mama muuza mkaa alikuwa anaitikia kwa kichwa taratibu, kwa namna ya mtu aliyepita njia hiyo.

"Na Jumatatu?" aliuliza Nesi.

"Jumatatu nanunua ya kwangu. Naificha karakana, nyuma ya mitungi ya gesi. Natafuna pipi narudi nyumbani."

Kule dirishani, Mama Vitambaa alishika ukuta. Pipi!

"Mkeo anajua?" aliuliza Nesi.

"Hajui."

"Kwa nini humwambii?"

Miwani akacheka kidogo, kicheko kibaya, cha mtu anayetaka kulia.

"Ile kanzu alinishonea yeye kabla hata sijakubali kuivaa. Wenzake waume zao walikuwa wanahudumu mbele, yeye wake yuko benchi la nyuma na mikono ya kutu. Ilikuwa inamuuma. Akanisukuma mpaka nikaenda kwa Kasisi. Nikamwambia, mama watoto, pale kuna divai. Akasema divai ya Bwana si pombe. Sasa kila Jumapili asubuhi ananinyooshea kola, anarudi nyuma hatua moja ananitazama. Uso wake ule... Mimi nitaanzia wapi?"

"Leo alikataa kikombe," alisema Nesi. "Amenikasirikia mimi. Alitusikia."

"Alitusikia."

"Na wewe ulinisaidia kwa kuniruka. Asante. Nilikuwa naonja kila Jumapili kwa kuogopa macho ya watu, na wiki hii nilikuwa natetemeka. Lakini mwambie mkeo. Mimi siwezi kuwa mtu pekee anayejua."

Sasa niwaambie ukweli kuhusu moyo wa Mama Vitambaa, maana nimeapa kutowaficha. Hakupona wivu. Ulizidi! Kama ingekuwa mapenzi, angejua pa kushika: angelia, angepiga, angeita ndugu wa mume wakae kikao. Lakini hii? Alilala na siri hii kitanda kimoja, akaipakulia chakula, akainyooshea kola, na mtu aliyekabidhiwa ni mwanamke aliyehamia juzi. Nesi hakuiba mwili wa mumewe. Kaambiwa lile ambalo yeye mke hakuambiwa, na lililomchoma zaidi ni kwamba alijua kwa nini hakuambiwa.

Alikumbuka alivyosema. Divai ya Bwana si pombe. Alisema huku anakata kitambaa cha kanzu, pini mdomoni, ana haraka Jumapili ifike mke wa Mhasibu, yule ambaye mumewe alikuwa anahudumu mbele, aone.

Ndipo aliposikia viatu.

Viatu vingi, kwenye kokoto. Mama Maua mbele, mikono inapunga. Nyuma yake akina mama wa Umoja na sare zao, na Kasisi anawafuata kwa tabu, jasho likimtoka.

"Humo humo!" Mama Maua alikuwa anasema. "Wamejifungia, baba. Mume wa mtu na mwimbaji wako wa kwaya!"

Mama Vitambaa alitazama mlango. Akatazama watu. Kasisi akifungua tu, Miwani anavuliwa kanzu mbele ya usharika mzima, na habari zinamfikia hadi mteja wa mwisho wa karakana. Mzee wa Kanisa anaanguka naye. Nesi anapoteza kazi, maana nani atakubali kudungwa sindano na mkono uliokuwa unatetemeka kwa pombe? Na watu hawa yeye ndiye aliyewaita. Walete wote waje waone, alisema.

Akakimbia, akasimama mlangoni, mgongo ukaegemea mbao.

"Pisha mwenzangu, tuwatoe!" Mama Maua alikuwa anahema.

"Mama Vitambaa," alisema Kasisi, "asubuhi ulikataa kikombe cha Bwana. Sasa naambiwa mambo haya. Humu ndani kuna nini?"

"Hakuna kitu, baba."

"Basi nifungulie nione hicho ambacho hakipo."

Kasisi akanyoosha mkono kwenye kitasa. Ndani sauti zilikuwa zimezima kabisa. Walikuwa wanasikia kila kitu.

"Ni mimi, baba," alisema Mama Vitambaa.

"Wewe umefanya nini?"

"Mimi ni mlevi."

Nyuki wangepita pale ungewasikia.

"Wewe?" Mama Maua aliuliza. "Wewe, unayekunywa soda kwa mrija?"

"Nakunywa nikiwa peke yangu, kwenye cherehani. Nesi ananisaidia kuacha. Mume wangu amekuja kumwomba asinikatie tamaa. Humo wanazungumza habari zangu, na mimi niliona aibu kuingia. Ndiyo maana asubuhi nilikataa kikombe. Niliogopa nikionja sitaweza kurudi nyuma."

Ajabu ya uongo ule ni kwamba uliingia mahali pake kama mkono kwenye mkono wa gauni. Akina mama walitazamana. Mmoja akasema taratibu, "Kumbe." Mwingine akasema hata yeye aliona Pasaka macho yake hayakuwa sawa. Mama Maua hakutaka kuachwa nyuma.

"Mimi nilijua siku nyingi," akasema. "Nilikaa kimya tu kwa heshima."

Mama Vitambaa aliumeza huo nao. Wanawake wale ndio aliotaka wamwonee gere, ndio aliowashonea sare, ndio aliokuwa anawapita kidogo kila Jumapili kwa sababu wake yuko mbele amevaa kanzu. Sasa walikuwa wanamtazama kwa huruma, ile huruma yenye raha ndani yake. Iliuma kuliko tusi. Lakini mlango ulikuwa bado umefungwa, na hilo ndilo alilolitaka.

Kasisi alivua miwani yake ya kusomea, akafuta jasho, akaivaa tena. Alikuwa mtu mwema, na msione wema ni kitu kidogo, mtaiona kazi yake sasa hivi.

"Mwanangu," akasema, "umefanya jambo gumu. Wengine tunakufa na yetu. Akina mama, rudini ukumbini, na atakayetangaza hili nitamjua kwa jina."

Wakageuka shingo upande. Mama Maua alikwenda kinyumenyume ili asikose kitu.

Mlango ukafunguliwa kidogo, mwili wa mtu mmoja tu ukapita, ukafungwa tena. Alikuwa Miwani. Macho mekundu, kola imelala. Alimtazama mkewe kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama tangu wavishane pete, na Mama Vitambaa akajua kwamba amesikia kila neno, na kwamba naye anajua kuwa mkewe amesikia kila neno. Kwa muda mdogo tu walikuwa wawili, bila Nesi, bila kanisa. Alitaka kumshika mkono waende nyumbani.

"Ndugu yangu," Kasisi alimwambia Miwani, "pole sana. Mkeo amenieleza. Hatumtupi, wala siri yake haitoki. Ila lazima tumwondolee kishawishi leo hii, tusingoje Jumapili ijayo. Kabati la vestri lina vitambaa na divai pamoja, chupa zote za Ushirika zimo humo, na anayeshika ufunguo ni yeye. Mama, nipatie."

Mama Vitambaa alihisi ufunguo mfukoni mwa gauni lake umekuwa mzito.

"Nitauleta nyumbani kwako, baba."

"Unao hapo. Nakuona umeushika."

"Basi kaa nao wewe mwenyewe."

"Mimi nasafiri kesho, narudi Jumamosi. Nipe, mwanangu."

Akautoa. Angefanya nini? Mlevi aliyetubu hang'ang'anii ufunguo wa divai.

"Mpe Mama Maua," alisema haraka. "Nakuomba. Mpe Mama Maua!"

Kasisi alitabasamu, akamgusa bega.

"Yule nimpe siri na ufunguo kwa siku moja? Hapana. Nani wa kuaminiwa kuliko huyu? Mtu asiyeonja kitu isipokuwa kile anachomaliza kwa ajili yangu mbele ya Bwana." Akamgeukia Miwani, ufunguo umelala kwenye kiganja chake. "Chukua wewe. Mlinde mkeo."

Nesi alikuwa ametokea mlangoni. Mama Vitambaa alimgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu mwanamke yule ahamie pale alimtazama kwa kumwomba. Sema, alimwambia kwa macho. Wewe unayejua, sema. Nesi akafungua mdomo. Kisha akatazama nyuma, kwa wale waliokaa kwenye viti vidogo na waliomwamini kwamba yanayosemwa mle hayatoki, akaufunga.

Miwani alitazama ufunguo. Hakumtazama mkewe.

"Nitautunza, baba," akasema, akanyoosha mkono, na mkono wenyewe haukutetemeka hata kidogo.